Musiteke

Katika mchezo ule kulikuwa na wafalme wanne. Mmoja tulimcheza sisi, watatu walichezwa na kompyuta yenyewe. Na kompyuta, kwa wasiojua, ni mchezaji mwenye nguvu nyingi na akili chache, mfano wa beki mmoja wa Magongo ambaye simtaji jina kwa sababu bado ana miguu yake miwili. Ukishajua kwamba mfalme mwekundu hushambulia akishiba, na mfalme wa kijani hukimbia akiona farasi, hakuna mchezo tena hapo. Ni kazi ya kufagia. Wajenga ukuta, wafuga farasi, wateka mji, tarumbeta yalia. Wateka mwingine, tarumbeta yalia. Mimi na Wafula tuliuteka ulimwengu mzima hata tukawa hatuutamani.

Mwaka ulikuwa wa tisini na sita. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, na kazi hatuna. Babake Wafula alifanya kazi kwenye matangi ya mafuta, wakikaa Chaani. Wafula amezaliwa Changamwe kama mimi, ila Kiswahili chake kilipitia kwanza kwa mamake, Mama Agneta, kikatoka na vumbi la Bungoma mabegani. Nilikuwa nikimwambia hivyo usoni. Naye akinijibu kuwa Kiswahili changu mimi Shee ni kizuri sana, taabu ni kwamba hakina la kusema.

Kompyuta ilikuwa ya Ami Stambuli, ndugu mdogo wa babangu, karani wa mizigo bandarini. Ofisi yao ilinunua mpya, ya zamani akaichukua yeye, akaileta nyumbani kwa Bibi, tulikokaa, ili nijifunze kupiga chapa, nisije nikaozea barazani. Kupiga chapa nilijifunza, sikatai. Lakini ndani yake aliyekuwa nayo kwanza alisahau ule mchezo, na mtu hawezi kupiga chapa kutwa.

Ulipokwisha utamu, Wafula ndiye aliyesema, "Adui amekuwa mwepesi. Tujitie uzito wenyewe."

Hapo ndipo tulipoanza kupeana masharti. Mmoja anatoa sharti, mwenzake anacheza chini yake. La kwanza nililitoa mimi: hakuna farasi. Wafula akashinda kwa miguu, polepole, kama wafanyakazi wa viwandani wanaorudi Mikindani mwisho wa mwezi mishahara ikichelewa. Akanipa mimi la kwake: hakuna kuta. Nikaliwa mara mbili, ya tatu nikashinda. Tukaendelea. Sharti la Ijumaa: hakuna vita siku hiyo, hata ukichokozwa. Sharti la majina: kila askari apewe jina la mtu wa mtaani, na akifa, aliyempeleka vitani aseme kwa sauti jambo moja zuri juu yake. Hilo lilituchelewesha sana, kwa maana kuna watu mtaani kwetu utafikiri mpaka jua litue hujapata la kusema.

Na juu ya masharti yote tulikuwa na sheria moja. Ilizaliwa siku niliyomkataza Wafula farasi, kisha nikajisahau nikampanda mmoja mwenyewe. Wafula alisimama kama hakimu. "Sharti likivunjwa na aliyeliweka," akasema, "limekufa. Halizikwi, haliwekewi matanga, halifufuliwi." Nikakubali. Naikumbuka sheria hiyo, nawe ikumbuke.

Basi Babu akafariki, Mungu amrehemu, na Bibi Mwanaima akakaa eda katika chumba kinachopakana na sebule. Mlango wake uliwekwa pazia zito la kijani. Wanaume wasio maharimu hawamwoni, na Wafula si maharimu wala hana dalili ya kuwa. Tukajua mchezo umekwisha. Ami Stambuli alikuja, akasimama kati ya sebule, akaitazama kompyuta, akatutazama sisi.

"Nyumba hii sasa ni ya eda," akasema. "Kwangu Utange nimeshapata umeme. Naweza kuibeba hivi leo."

"Ami, nami nimefika kwenye barua za ofisi. Nikiacha sasa nitasahau," nikasema. Nilimaanisha. Pia nilimaanisha mchezo.

Ami akaingia ndani kwa mamake, akatoka. "Mama asema itakaa. Atawapa sharti lake mwenyewe. Nikija Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitamuuliza yeye, si ninyi. Akisema mumelitii, inabaki. Akisema hamukutii, naifunga kamba kwenye gari, na Utange ni mbali, Shee. Usije ukanifuata na baiskeli."

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Kompyuta ikiondoka, sisi tulirudi barazani kuhesabu malori ya mafuta.

Sharti lenyewe sikulisikia kwa masikio yangu. Bibi kuanzia adhuhuri hushika tasbihi na msahafu, hasemi na mtu mpaka alasiri. Alasiri ikiadhiniwa mimi naenda msikitini, Wafula anabaki sebuleni na zamu yake, mamangu yuko uani na vyombo vyake. Siku hiyo niliporudi msikitini nilimkuta Wafula ameketi mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyepewa mtihani wa hesabu kwa Kiarabu.

"Bibi amesema," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Amesemaje?"

"Amesema tucheze, hakatazi. Lakini tusiteke."

"Tusiteke?"

"Tusiteke. Amesema mara mbili. Tukiteka, mashine haikai."

Nikakaa chini. Mchezo mzima ni kuteka. Ni kama kumwambia mtu apike wali lakini asitie mchele. "Bibi amejuaje habari ya kuteka miji?"

"Hiyo tarumbeta si inalia hapa kila siku? Na wewe si unapiga kelele, 'Tumeteka! Tumeteka!' Anasikia. Amefikiri." Wafula akatikisa kichwa kwa heshima. "Shee, sisi tumekaa hapa na farasi na kuta. Bibi yako hajauona mchezo hata kwa jicho, na ametoa sharti la kuyashinda yote. Huyo angekuwa mwanamume wangempa jeshi."

Usiku wakati wa chakula nilipeleka sinia ndani. Bibi akaniuliza, "Mwenzio amekwambia?"

"Ameniambia, Bibi."

"Na mutatii?"

"Tutatii. Ingawa ni zito."

"Zito!" akasema Bibi. "Lina uzito gani? Muna maradhi?" Nikataka kumuuliza yeye angeanzaje, kwa mji wa bandari au wa mlimani, lakini akaniinulia kidole. "Neno langu nimeshalisema. Sirudii. Kuna msiba ndani ya nyumba."

Msiba na miji ya kompyuta vinahusianaje sikuelewa, ila wazee wana njia zao ndefu. Nikafikiri: mtu aliyefiwa hataki kusikia nyumbani mwake habari za kunyang'anyana majumba. Ikaniingia akilini. Ikaniingia vizuri hata nikamweleza Wafula kesho yake, naye akasema, "Ona. Sharti lenye hekima."

Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Mfalme asiyeteka huliwa na wanaoteka. Mara ya pili pia. Ya tatu Wafula akagundua jambo ambalo muda wote wa kufagia ulimwengu hatukuliona. Mji wa mfalme mwekundu, uliokuwa mpakani kwetu, ulikuwa na njaa kwa sababu mwenyewe alitumia nafaka yote kulisha farasi. Wafula akaupelekea mahindi.

"Wewe! Walisha adui?"

"Si adui. Ni jirani ambaye hajui."

Akatengeneza barabara hadi mlangoni kwao. Akapeleka wafanyabiashara na chumvi. Tukangoja. Siku moja, bila askari hata mmoja kuinua mkuki, kioo kikaandika kwa Kiingereza kuwa watu wa mji ule wamemkataa mfalme wao na wanaomba kuingia kwetu. Bendera nyekundu ikashuka, yetu ikapanda. Tarumbeta haikulia. Tulitazamana.

"Tumeteka?" nikauliza.

"Wapi! Tumechumbiwa."

Kuanzia hapo mchezo ukawa mtamu kuliko siku zote. Tulipeleka mahindi, tulipeleka chumvi, tulichimba visima katika nchi za watu. Mimi, kwa kuwa kazi ya kungoja ni ndefu, nikawapa wafalme sauti. Mfalme mwekundu nilimpa sauti ya manamba wa matatu za Magongo mwenye mafua: "Haya nyuma sogeeni, hamsogei, mji huu una nafasi ya watano, kuna mama mmoja atashuka!" Wa kijani nikampa ya mwalimu wetu mkuu akitangaza karo. Wa buluu alikuwa mwoga, nikampa ya Wafula mwenyewe anapoitwa na mamake. Na Wafula ana kicheko ambacho si cha mtu mmoja. Huanza kama lori linalokataa kuwaka kwenye mlima, likakohoa, likakohoa, kisha likawaka lote kwa mpigo, na madirisha yakajua.

Siku moja, niliporudi kutoka alasiri, Wafula alikuwa amebadilika rangi.

"Bibi amenikaripia. Amesema tumeteka."

"Tumeteka nini?"

"Ndiyo nilivyomwambia! Nilisema, 'Bibi, hatujateka, hata mji mmoja!' Akasema, 'Mji? Mumeteka, nimesikia kwa mashikio yangu.'"

Tukakaa tukafikiri. Wafula akaona ni ule mji uliojileta. Labda kwa Bibi hata kuupokea ni kuteka. Mimi nikaona ni sauti. Mashine hulia vijitarumbeta vidogo hata ukijenga kisima, na mtu aliye nyuma ya pazia hatambui kisima na vita. Tukazima sauti yote ya kompyuta. Tukaendelea kucheza kimya. Yaani kompyuta ndiyo iliyokuwa kimya. Sisi tuliendelea na manamba.

Kesho yake, karipio tena. "Amesema, 'Mumeteka yana, mumeteka leo, hamuna haya?'"

"Sauti tumezima!"

"Nimemwambia. Nikamwambia, 'Bibi, tunatoa sadaka tu, mahindi na chumvi.' Akauliza kama mimi ni mzima." Wafula akajipangusa jasho. "Shee, nenda ukamweleze wewe. Ni bibi yako."

Nilikwenda. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Sirudii neno. Muulize mwenzio. Stambuli atakuja Jumamosi, nami nitasema niliyoyasikia."

Basi tukajitia uzito zaidi. Wafula akaamua hata ulinzi tuupunguze, askari tuwafanye wachimba visima, ili Jumamosi ukifunguliwa mchezo mbele ya Ami, paonekane wazi kuwa sisi hatuna hata silaha ya kutekea. Miji ya mfalme wa kijani ikaja yote. Ya buluu ikaja. Ikabaki bandari moja tu ya mfalme mwekundu, yenye njaa na maneno mengi.

Jumamosi Ami Stambuli alikuja na kamba. Aliiweka juu ya meza pale pale, mtu asije akasema hakuonywa. Akapitisha kichwa kwenye pazia.

"Shikamoo, Mama. Haya, hawa vijana wametii?"

"Marahaba. Wametii nini?" Sauti ya Bibi ilitoka imenyooka. "Hawakutii hata siku moja. Wameteka kila siku ya Mungu."

Ami akachomoa waya wa kwanza, ule wa spika. Hakujua kuwa haukuwa na kazi siku nyingi.

"Ami, ngoja!" Wafula alisimama. "Mimi naapa. Hatukuteka. Tazama hapa, kila mji umekuja wenyewe, umesalia mmoja. Bibi, samahani, mji gani tumeuteka? Utaje mmoja tu!"

"Miyi?" akasema Bibi nyuma ya pazia. "Stambuli, huyu mtoto kila siku anitajia miyi na mahindi. Ana nini?"

"Wewe si ulituambia tusiteke, Bibi?"

"Niliwambia! Nikawambia, tezani mutezao, lakini musiteke. Na mwateka! Mwateka meno nde, mpaka wapita njia wasimama! Nyumba ya eda, watu waja kunipa pole, wasikia kha kha kha kama ngoma ya arusi!"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia neno lile kutoka kinywani mwa mwenyewe. Ulimi wa Bibi uligusa meno. Kwa wazee wetu wa Mvita na Changamwe kuna *t* mbili: moja ya ufizi, ambayo huteka mji na huteka maji kisimani, na moja ya meno, laini, ambayo watu wa shule tumeibadilisha tukaiita *ch*. Bibi hacheki. Bibi *huteka*.

"Wafula," nikasema polepole. "Bibi alisema tusicheke."

"Alisema tusiteke!"

"Ndiyo kucheka."

Wafula akanitazama, akalitazama pazia, akaitazama ramani: ulimwengu mzima umeshibishwa mahindi kwa sababu ya herufi moja.

"Teza ulijua ni kucheza," nikamwambia, "ukanitafsiria vizuri. Teka ikakushinda?"

"Teza haiko kwenye mchezo! Teka iko!"

Ami Stambuli alikuwa ameuma mdomo. Lakini ni karani wa bandari, na makarani wa bandari wanajua kuwa kasha lililoandikwa vibaya bado ni kasha. "Hamukujua," akasema, "lakini mulicheka. Sharti ni sharti." Akachukua kamba.

"Stambuli," Bibi akaita. "Huyo wa mahindi amesema kumesalia mui mmoja?"

"Ndiyo, Bibi," akajibu Wafula haraka. "Bandari ya mfalme mwekundu."

"Basi nawateze wamalize mbele yako. Wasipoteka, ikae. Wakiteka, beba."

"Ni haki," akasema Ami, akavuta kiti, akakaa na kamba mapajani.

Sikuwahi kucheza chini ya sharti gumu kama lile. Kushinda bila farasi tumeweza. Bila kuta, bila kuteka, tumeweza. Lakini jaribu wewe kukaa bega kwa bega na Wafula, ukijua kuwa kwa siku zote hizo mtu huyu alisimama mbele ya pazia la mjane akimwapia kuwa yeye hutoa sadaka ya chumvi. Sikumtazama. Yeye hakunitazama. Alipeleka mahindi. Nilifikiria kaburi, nilifikiria matokeo ya mtihani, nilifikiria Utange.

Kioo kikatoa ujumbe wa mfalme mwekundu. Wafula akausoma kwa macho, mdomo umekaza kama mfuko uliofungwa.

"Asemaje?" akauliza Bibi.

Nikajibu kwa adabu, "Mfalme mwekundu anasema, Bibi, kwamba bandari ni yake na haitaki wageni."

Pazia likasema, "Sivyo asemavyo."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

"Huyo si ndiye yule mwenye mafua? Mseme kama umsemavyo siku zote."

Ami akageuka. Mimi nikakauka. Kumbe tasbihi zilikuwa zikihesabiwa na sikio moja tu. La pili lilikuwa sebuleni kwa manamba. Bibi ameamuru, na mjukuu hana la kufanya. Nikakohoa, nikaziba pua kwa vidole, nikasema:

"Bandari imejaa! Nimesema imejaa! Wewe wa mahindi, hayo mahindi yako yapande juu ya keria, mguu mmoja ndani mmoja nje, twende!"

Kilichosikika kwanza hakikuwa lori la Wafula. Kilitoka nyuma ya pazia: sauti nyembamba, kama kifuniko cha sufuria kinachosukumwa na mvuke. Ikajizuia. Ikashindwa. Bibi Mwanaima, ambaye tangu Babu azikwe hatukumsikia ila akisoma na kukaripia, akateka. Akateka mpaka pazia likatikisika, na mamangu akaja mbio kutoka uani na mwiko mkononi akidhani kuna msiba mwingine.

"Mama!" Ami akasema. "Mama, eda!"

Hapo lori likawaka, na mimi nikawaka nalo. Ami akainua kamba juu. "Mumecheka! Wote nimewaona!"

Lakini Wafula alikuwa amekwisha kusimama kama hakimu, machozi yakimtiririka. "Nani alianza? Ami, nani alianza? Sharti likivunjwa na aliyeliweka, limekufa! Halizikwi, haliwekewi matanga, halifufuliwi! Hiyo ndiyo sheria yetu, muulize Shee!"

Ami alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa, maneno hayatoki. Akaligeukia pazia. "Mama, ni wewe ulianza?"

"Ni mimi," akasema Bibi, akivuta pumzi. "Mungu anisamehe, na babenu anisamehe. Naye alikuwa mtu wa kuteka." Tukamsikia akipenga kamasi. "Iwate ikae, Stambuli. Hiyo kamba kafungie mbuzi."

Ami alikunja kamba yake. Alikunywa chai, akala mahamri, na kabla ya kuondoka akauliza, kama asiyejali, hivyo visima vinachimbwaje. Bandari ya mfalme mwekundu ilikuja yenyewe juma lililofuata.

Bibi alituwekea sharti jipya: tucheke kwa kiasi, na wakija wageni wa pole, manamba ashuke. Wafula alimwomba aliseme mara mbili, na tena kwa Kiswahili.

"Kwa Kiswahili?" akasema Bibi. "Na hiki ni nini? Wewe ndiye ujifunde."

Akajifunda. Kila nilipotoka alasiri nilimkuta mbele ya kioo, ulimi kwenye meno, akisema teka, teka, teka, na mate yamewanyeshea wafalme wote wanne.